Kidonge cha Kuacha

Mgonjwa wa kifua kikuu huambiwa asiache dawa hata siku moja, na ni kweli tupu. Sisi wa Nzega tulilisikia neno hilo zahanati, shuleni, hata gulioni. Basi mwaka 1993 binamu yangu aliendelea kumeza vidonge huku ngozi ikimtoka.

Alikuwa amemaliza miezi miwili ya sindano, akahamishiwa kidonge chenye isoniazidi na thiasetazoni. Wiki ya tatu ikamshika homa, macho yakawa mekundu, mdomo ukajaa vidonda. Kisha yakaja malengelenge, na mgongo ukavuka kama wa mtu aliyemwagikiwa uji wa moto. Mama mkubwa alisema karogwa. Wengine walinong'ona kuwa ni Ukimwi, na hao walikaribia ukweli.

Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi walikuwa wametangaza kwamba, kati ya wenye virusi vya Ukimwi waliomeza thiasetazoni, karibu mmoja katika watano alidhurika ngozi, na baadhi walikufa. Kwa wasio na virusi ilikuwa nadra. Mwaka 1992 Shirika la Afya Duniani lilishauri wenye virusi wasipewe. Lakini kidonge kilikuwa cha bei ndogo, na ethambutoli, iliyoweza kushika nafasi yake, ilikuwa ghali. Nadhani misafara ya kale ya Tabora ilikwenda kasi kuliko ushauri ule.

Ajabu ni kwamba mwili uliokwishapungukiwa kinga ndio uliojishambulia kwa ukali namna ile.

Tabibu alipomwona, tiba yake ya kwanza ilikuwa kumwambia: "Bwana, acha kidonge hiki, usikimeze tena maishani." Binamu akagoma. Alidhani anajaribiwa! Ilibidi tabibu aandike kwa wino mwekundu kwenye kadi, amsomee mara mbili. Yaliyofuata yalikuwa kazi ya mikono: dripu, kanga zilizochemshwa za kumlazia, macho kuoshwa kwa maji ya chumvi kope zisigandamane, uji mwepesi kwa kijiko. Aliuguzwa kama aliyeungua, maana ngozi iliyofunguka huingiza vijidudu, naye hakuwa na kinga ya kuvizuia.

Ngozi ilirudi, yenye mabaka. Akamaliza tiba ya kifua kwa ethambutoli, akafariki mwaka 1996. Dawa za kupunguza makali ya virusi serikali ilianza kuzigawa bure mwaka 2004.

Thiasetazoni imekwisha kuondolewa. Kotrimoksazoli, ambayo wenye virusi wengi humeza kujikinga, nayo huweza kuleta balaa lile lile, ingawa mara chache. Mpwa wangu anaimeza. Kila nikimtembelea namwambia afumbue mdomo nimtazame.