Barua kwa Mpwa Wangu Kuhusu Alice wa Battenberg

Mpwa wangu mpendwa,

 

Mama yako ameniambia kwamba tangu masikio yalipozidi kuwa mazito hutaki tena kukaa mbele darasani, na kwamba umesema huna faida kwa mtu. Neno hilo limeniuma. Nikusimulie habari za mwanamke mmoja.

Aliitwa Alice wa Battenberg, kitukuu cha Malkia Victoria, aliyezaliwa katika kasri la Windsor mwaka 1885. Alizaliwa kiziwi. Akajifunza kusoma midomo ya watu kwa Kiingereza na Kijerumani, na baada ya kuolewa na Mwanamfalme Andrew wa Ugiriki mwaka 1903 akajifunza na Kigiriki. Dunia haikumhurumia. Mwaka 1922 walifukuzwa Ugiriki. Mwaka 1930 madaktari walisema ana maradhi ya akili, akapelekwa kufungiwa Uswisi, huku Philip, kitindamimba wake, akiwa na miaka 8 tu. Mwaka 1937 binti yake Cecilie akafa katika ajali ya ndege.

Baada ya hayo yote alirudi Athens. Wajerumani walipoivamia Ugiriki mwaka 1941, jamaa wengi wa kifalme walikimbia, yeye alibaki. Waume wa binti zake walikuwa Wajerumani, na Philip alikuwa katika jeshi la majini la Uingereza. Fikiria moyo wa mama huyo! Njaa ilipoua maelfu mjini, alisimamia majiko ya kuwalisha maskini, akaenda Sweden kwa kisingizio cha kumwona dada yake, akarudi na dawa.

Mwaka 1943 Wayahudi wa Athens walianza kusakwa na Wajerumani. Rachel Cohen alikuwa mjane wa Haimaki, mbunge wa zamani aliyewahi kuisaidia familia ya mfalme. Alice alimpokea yeye na binti yake Tilde, kisha mwanawe Michel, akawaficha katika nyumba aliyokaa, ingawa aliyemficha Myahudi aliweza kupigwa risasi. Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, walimtilia shaka, wakamhoji. Hapo akauzidisha uziwi wake: akajifanya haelewi hata swali moja, mpaka wakamwacha.

Usinielewe vibaya, mwanangu. Sisemi uziwi ni neema, najua unavyokuchosha. Kilichowaokoa akina Cohen ni ushujaa wa Alice. Alitoa alichokuwa nacho: nyumba, mikono, hata masikio yasiyosikia. Walikaa kwake hadi mji ulipokombolewa Oktoba 1944. Wayahudi zaidi ya 50,000 wa Ugiriki hawakupona.

Baadaye akawa mtawa, akaanzisha shirika la masista mwaka 1949. Alifariki London mwaka 1969, na tangu 1988 amelala Jerusalem, kama alivyousia. Mwaka 1993 Yad Vashem, taasisi ya Jerusalem ya kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, ikamtambua miongoni mwa watu wema waliowaokoa Wayahudi. Philip alipokwenda huko mwaka uliofuata alisema kwamba, kwa kadiri walivyojua, mama yake hakumtajia mtu yeyote jambo hilo.

Kesho nenda ukakae mstari wa mbele. Mwombe mwalimu asikupe mgongo anapozungumza. Hiyo ni haki yako, usione haya kuidai. Kisha niandikie uniambie amekujibu nini.

Akupendaye,
Shangazi yako