Namba ya Pikipiki Yako

Mimi ni mkulima wa pamba hapa Ngulyati, Wilaya ya Bariadi. Siku hizi pikipiki hubeba wagonjwa wetu, watoto wetu na mazao yetu. Breki ikikataa, mtu hufa.

Breki huchakaa kwa matumizi. Hiyo ni kazi ya fundi. Lakini uko ubovu unaotoka kiwandani. Ubovu huo huwa katika pikipiki nyingi zilizotengenezwa pamoja. Fundi akiweka kifaa kingine cha aina ile ile, hatari hubaki.

Serikali inasimamia jambo hili. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilianzishwa mwaka 1975. Kazi yake ni kuangalia ubora wa bidhaa. Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC. Chini ya sheria hiyo, bidhaa ya hatari inaweza kuitwa irudishwe.

Wito wa namna hiyo hutaja namba za pikipiki zenye ubovu. Kijijini pikipiki huuzwa mkono kwa mkono. Kadi hubaki na jina la mwenyewe wa kwanza. Wito humtafuta yeye. Anayeipanda hana habari.

Yangu niliinunua kwa jirani. Kabla ya kulipa, nilisoma namba iliyogongwa kwenye fremu. Nikailinganisha na ile ya kwenye kadi. Kisha tukabadili jina.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Chukua kadi yako. Je, jina ni lako? Je, namba ni ile ile?