Upepo wa tairi na bega la binti

Kwa wiki sita baiskeli ilining'inia ukutani stoo, imefungwa kwa kamba ya manila juu ya magunia ya mahindi. Mama ndiye aliyeifunga. Hakupiga kelele wala hakugombana na mtu. Siku waliyorudi kutoka hospitali, binti yao akiwa amefungwa mkono shingoni, alichukua kamba, akaipandisha baiskeli, akapiga mafundo mawili na kusema: "Hiyo imemaliza kazi yake kwenye nyumba hii."

Baba alinyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza, ila hakuwa tayari kuisema.

Familia hii inaishi juu ya Ilboru, Arusha, mahali ambapo asubuhi isiyo na mawingu ukifungua mlango unakutana na Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Kwa wanaoishi huko, kwenda mjini ni kushuka na kurudi nyumbani ni kupanda. Binti ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza, na shule yake iko chini, ng'ambo ya barabara ya lami. Baba ni dereva wa kifodi. Mama ana genge la mboga.

Baiskeli ilinunuliwa mtumba mwezi Januari ili kumsaidia binti kwenda shule. Ni ile ya milimani, yenye magurudumu ya inchi 26. Ilikuja na matairi mapana yenye kashata kubwa, vile vinundu vya mpira vinavyong'ata udongo, lakini yalikuwa yamezeeka na mbavu zake zimepasukapasuka. Binti akalalamika kwamba wakati wa kurudi nyumbani ni mazito, miguu inawaka moto. Baba akamwonea huruma. Akanunua matairi mengine, membamba na laini, ambayo muuzaji aliyasifia kwa neno moja: mepesi.

Kisha akayajaza upepo yeye mwenyewe, kwa kompresa ya gereji anapojazia kifodi chake. Ubavuni mwa tairi kulikuwa na namba mbili, 40 na 65. Akaweka 65. Kwa dereva wa gari la abiria, tairi lililolegea ni aibu, na ni hasara ya mafuta. Tairi zuri ni lile linalolia kama ngoma ukilipiga teke.

Aprili, katikati ya masika, binti alitoka nyumbani saa 12 asubuhi baada ya mvua ya usiku. Kwenye kona iliyo chini ya migomba gurudumu la mbele lilikwenda upande wake na yeye akaenda upande mwingine. Aliangukia bega. Picha ilionyesha mfupa wa mtulinga umevunjika. Daktari aliwaambia kwamba mfupa huo, kwa mtoto wa umri wake, mara nyingi huunga vizuri bila upasuaji, mkono ukitulizwa kwa wiki kadhaa. Kisha akauliza swali moja ambalo hakuna aliyelijibu: "Kofia yake ngumu iko wapi?"

Hakuwa nayo. Hawakuwahi kuifikiria.

Bega lilipopona, binti akaanza kupanda vifodi. Kila mzazi wa Arusha anaijua habari hii. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo, na saa za jioni konda hutazama kwanza watu wazima. Siku ya kwanza alifika nyumbani saa 1 usiku. Siku ya tatu, saa 2 kasoro. Alikuwa amesimama kituoni na wenzake wawili, magari yanajaa na kuondoka.

Usiku huo baba hakulala vizuri. Konda wake mwenyewe hufanya hivyo hivyo. Naye amewahi kuondoa gari huku akiziona sare za shule kwenye kioo cha pembeni.

Kesho yake alikwenda kwa fundi wa baiskeli, mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mti kando ya barabara, Sakina. Alimsalimu, akamweleza kwamba anataka matairi mazuri. Mzee hakuuliza ana shilingi ngapi. Aliuliza maswali mawili.

"Mtoto anapita njia gani? Na ana kilo ngapi?"

Swali la kwanza baba alilijibu kidogo. La pili hakuwa na jibu. Alijua uzito wa mzigo ambao gari lake linabeba, lakini uzito wa mwanawe hakuujua.

"Mpime kwanza," mzee alisema. "Halafu hiyo njia ipite kwa miguu, baba. Usiipite na gari. Ukirudi tutaongea."

Jumapili baba aliteremka kwa miguu kutoka mlangoni kwake hadi lami. Ni njia ambayo ameendesha gari kwa miaka, lakini alikuwa hajawahi kuitazama. Mita mia chache za mwanzo ni mawe yaliyotokeza. Halafu udongo mweusi uliokanyagwa hadi ukawa mgumu, na juu yake vumbi jembamba kama unga, maana udongo wa miteremko hii umetokana na majivu na mawe ya volkano. Kisha ile kona ya migomba. Hapo jua haliingii, mfereji unavuja, na hata wiki mbili bila mvua udongo ulikuwa bado unateleza. Alisimama pale muda mrefu. Aliona jinsi mteremko unavyolazimisha breki mahali pale pale ambapo njia inapinda.

Aliporudi kwa fundi alikuwa na majibu: mawe, vumbi, utelezi, lami. Kilo 44.

Mzee alichukua lile tairi laini, bado limejaa, akalibonyeza kwa dole gumba. Halikubonyea hata kidogo. "Nani alijaza huu upepo?"

"Mimi."

"Hili si tairi tena. Hili ni jiwe. Mtoto wa kilo 44 halibonyezi. Lisipobonyea, linagusa njia kwa kipande kidogo tu, kama ukucha. Kwenye tope, ukucha hauna cha kushika."

Hapo ndipo baba alipopata maneno ya kile alichokihisi tangu siku ya hospitali. Gari lake ni la tani na zaidi, na tairi lake lina kazi nyingine. Tairi la baiskeli ya milimani hushika njia kwa kujikunja juu ya jiwe na kutandaza kashata zake kwenye udongo. Upepo ukizidi, linadundadunda. Ukipungua mno, rimu inagonga jiwe na kuung'ata mpira wa ndani, unapata pancha yenye matundu mawili yaliyopangana kama jino la nyoka. Ile namba kubwa ubavuni ni mpaka usiovukwa. Si agizo la kuifikia.

Hata historia ya tairi la upepo ina kisa cha mzazi na mtoto. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alisajili tairi la upepo alilolitengeneza baada ya kuona baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ikimrusharusha juu ya mawe. Upepo uliwekwa ndani ya mpira ili mpira ubonyee na mtoto asiumie.

Kuhusu uzito, mzee alikuwa na hesabu fupi. Tofauti kati ya tairi pana lenye kashata na lile laini jembamba inaweza kuwa gramu 300 hivi kwa kila moja. Kwa mawili ni gramu 600. Binti ana kilo 44, baiskeli yake kilo 15, mfuko wa daftari kilo 4 au 5. "Gramu 600 ni chupa ndogo ya maji na kidogo juu yake," alisema. "Akipanda mlima ataihisi, lakini haitamwangusha. Unataka kumpunguzia mzigo? Punguza vitabu visivyo vya siku hiyo." Kwa mshindani anayehesabu sekunde, gramu hizo zina maana. Kwa mtoto wa shule anayeshuka Meru asubuhi ya masika, kinachohesabiwa ni mshiko.

Walichagua hivi. Mbele, tairi pana la inchi 2.1, kashata ndefu zilizoachana, ili tope lipate pa kutokea badala ya kuganda. Nyuma, tairi la upana uleule lakini kashata fupi zilizokaribiana, linaloviringika vizuri zaidi kwenye lami na udongo mgumu. Zuri zaidi likae mbele, mzee alisisitiza, kwa sababu gurudumu la nyuma likiteleza mara nyingi mtu huwahi kujirekebisha, la mbele likiteleza anakuwa ameshafika chini. Mshale ulio ubavuni ufuate mwendo wa gurudumu.

Kabla ya kulipa, mzee alimwonyesha namba ambazo wanunuzi wengi wa mtumba hawazisomi: 54-559. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha rimu linapokalia. Matairi mawili yanaweza kuandikwa inchi 26 na bado moja likakataa kuingia, kwa kuwa lipo la 559 na lipo la 590. Alipima pia nafasi kati ya tairi na uma wa mbele. Pasipopita kidole, tope litasimamisha gurudumu.

Wangekuwa wanaishi upande wa Kisongo au Oldonyo Sambu, kwenye ukame na miiba ya migunga, ushauri ungebadilika: mpira wa ndani ulio mnene, au dawa ya maji inayoziba tundu dogo kutoka ndani. Mlima ni mmoja, lakini upande wa kusini hupata mvua nyingi kuliko kaskazini na magharibi, na tairi linalomfaa mtoto wa upande mmoja linaweza kumsumbua wa upande wa pili.

Upepo walikubaliana 32 mbele na 35 nyuma, ndani ya mipaka iliyoandikwa kwenye matairi hayo mapya, na upimwe kwa kipimo, si kwa teke.

Kazi ngumu ilibaki nyumbani. Baba alifika na matairi begani, mama akayatazama na kurudi kwenye mchicha wake.

"Mama watoto," alisema, "ile ajali si ya mtoto. Mimi ndiye niliyebadilisha matairi. Mimi ndiye niliyejaza upepo."

Mama aliacha kuchambua mboga. "Ulijua tangu lini?"

"Nilihisi tangu hospitali. Nimejua wiki hii."

Alikaa kimya kiasi cha binti, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, kudhani mambo yameharibika. Kisha mama akasema kwamba wiki sita zote alikuwa anamlaumu mtoto moyoni kwa kukimbiza baiskeli, na mtoto alikuwa amekubali lawama hizo. "Mwite umwambie yeye, usiniambie mimi."

Akamwita. Akamwambia. Binti akaangalia chini, akasema, "Sawa, baba," kisha akauliza kama fundo za kamba zinaweza kufunguliwa.

Mama alitoa masharti manne. Kofia ngumu, inayokaa vizuri na kufungwa kidevuni, kila siku. Breki zikaguliwe kila mwisho wa wiki. Mvua ikinyesha usiku, ile kona ya migomba binti ashuke na kukokota. Na giza likikaribia kumkuta njiani, apige simu kwa kutumia simu ya mtu wa genge la jirani na shule, afuatwe.

Si hofu ya mama tu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku, na kupanda kwenda Ilboru kwa baiskeli ni mazoezi tosha. Mzazi hawezi kuchagua jambo moja na kulisahau jingine.

Na mtoto akianguka na kugonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au akaumwa kichwa kinachozidi, asilazwe nyumbani kusubiri asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Binti sasa anaendesha tena. Kurudi anachelewa dakika chache kuliko zamani, na miguu bado inawaka moto. Baba amemwambia konda wake kwamba jioni wanafunzi wapande. Na kila Jumapili, kabla ya ibada, mama hutoka na kipimo cha upepo, huchuchumaa kando ya gurudumu la mbele, na kusoma namba kwa sauti ili wote waisikie.