Dakika Mbili za Fumbo

Wazazi kadhaa wa hapa Kindu wametuuliza kwa nini, katika muhula uliopita, tuliwaruhusu wanafunzi wetu wa madarasa ya juu kutumia jioni zao kutengeneza sinema. Tena si sinema nzima, bali mwanzo wake tu, dakika mbili za fumbo zisizo na mwisho. Swali hilo ni la haki. Mzazi anayelipa karo kwa fedha ya mihogo na mawese yampasa ajue mtoto wake anafundishwa nini. Nasi tumeona afadhali tujibu kwa maandishi, maana jawabu lenyewe limekuwa refu kuliko tulivyodhani, na yamkini litazifaa jamaa nyingine ambazo watoto wao hushinda na simu mkononi.

Kazi ya namna hii hatukuibuni sisi. Huko Uingereza, kwa miaka mingi, wanafunzi wa sekondari waliosoma habari za magazeti, redio na sinema walipewa kazi ya kutengeneza mwanzo wa sinema mpya usiozidi dakika mbili, pamoja na majina ya waliofanya kazi. Wengi walichagua hadithi ya fumbo na taharuki, yaani ile inayomfanya mtazamaji aulize: ni nani aliyefanya hivi, na sasa kutatokea nini? Sababu ni nyepesi. Hadithi ya namna hiyo haihitaji majumba wala majeshi. Yahitaji mlango, taa, na jambo moja lililofichwa. Vitu ambavyo hata Kindu havikosekani.

Basi hadithi waliyoitunga wanafunzi wetu ni hii. Kwanza ni giza tupu. Yasikika kengele ya baiskeli, mara moja. Kisha twaiona mikono ya msichana ikifunika sahani mezani. Halafu tuko kando ya mto Lualaba, upande wa Alunguli: baiskeli imelala mchangani, na gurudumu lake la nyuma lingali linazunguka. Mtumbwi wapita mbali, na ndani yake mtu mwenye kofia, ambaye uso wake hatuuoni. Twarudi nyumbani: msichana ameketi, sahani haijaguswa. Kengele yalia mara ya pili, sasa karibu na mlango. Msichana afungua. Baiskeli ileile imeegemezwa ukutani, peke yake, na nyuma ya kiti chake limefungwa bidoni la mawese. Hapo jina la sinema latokea, na yote yamekwisha.

Msomaji wa Maniema hana haja ya kuelezwa kwa nini ni baiskeli, lakini wa mbali na aelezwe. Mnamo Oktoba 1998 mji wetu ulitekwa na waasi wa RCD, na vita vile viliendelea hadi 2003. Gari-moshi lilinyamaza kwa muda mrefu. Chumvi, sabuni na mawese vilipita porini juu ya baiskeli, ambazo wenyewe hawakuzipanda bali walizisukuma kwa miguu, siku nyingi, kwenda na kurudi. Wengine walikwenda wasirudi, wala hakuna aliyeleta habari zao. Kwa hiyo kengele ya baiskeli ikilia jioni mbele ya mlango, katika nyumba nyingi za hapa kwetu si sauti ya biashara tu.

Lakini karatasi yao ya kwanza haikuwa na baiskeli. Ilikuwa na bunduki. Palikuwa na mtu anayekimbia, mwingine anayemfuata, mlio, na damu. Hata kopo la nyanya la kufanyia damu walikwisha kulinunua. Tuliwaambia waende ufukoni saa ya magharibi na bunduki yao ya mti, kisha watuletee habari ya jinsi majirani watakavyokimbia, na ya maaskari watakaofika baadaye. Walicheka, lakini hawakwenda. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida ni mnyamavu, akasema: "Mwalimu, tukionyesha bunduki, watu wa Kindu watajua yote mara moja. Hawatauliza kitu. Watakwenda nyumbani tu." Hata sisi tuliosoma falsafa seminarini miaka mingi tusingalisema vizuri zaidi. Aliyeyaona mambo hayo kwa macho yake haoni fumbo katika bunduki. Aona jambo analolijua, naye hutaka kulisahau.

Basi lililobaki lilikuwa kuficha. Na hapo tuliwaeleza wanafunzi habari moja ya zamani, ambayo kila mpenda sinema katika nchi zetu yafaa aijue. Kati ya 1935 na 1937, huko Tanganyika, Waingereza walifanya jaribio la sinema za kuwafundisha Waafrika. Huku Kongo, Wabelgiji walitoa amri mwaka 1945 kwamba Mkongomani asiingie kutazama sinema ila zile zilizokwisha kukubaliwa kwa ajili yake. Mwaka 1952 afisa mmoja wa serikali yao, L. Van Bever, alitoa kitabu kizima juu ya sinema kwa Waafrika. Katika mafundisho ya nyakati hizo neno moja lilirudiwa sana: kwamba mtazamaji Mwafrika asifichwe kitu, wala picha isiruke; aonyeshwe mtu akitoka mlangoni, akitembea, akifika, la sivyo atapotea njiani. Mapadre nao walifanya sinema zao. Huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, Padre Albert Van Haelst aliwaigizisha Matamata na Pilipili, na watu walicheka sana. Hatuwadharau mapadre hao. Kuwachekesha watu kwa wema si kazi ndogo. (Seminarini kwetu tulionyeshwa sinema za watakatifu, ambazo mwisho wake ulijulikana tangu jina la sinema.) Lakini wale waliosema kwamba watu wetu hawawezi kufuata jambo lililofichwa, je, hawakupata kuketi mekoni jioni wakamsikia bibi akitega kitendawili? Walega wa Pangi, katika chama chao cha bwami, hutoa kikapuni kitu kidogo cha mti au cha pembe, wakakionyesha pamoja na methali, na asiyefundishwa aona kipande cha mti tu. Na kule Unguja, Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, katika kitabu *Mzimu wa Watu wa Kale* kilichopigwa chapa 1960, nasi Waswahili wote tukamfuata bila ya kupotea njia.

Kumficha mtu jambo, katika sinema, ni kuamini kwamba ana akili ya kulitafuta. Hilo ndilo tulilotaka watoto wajifunze, kuliko kujua kubonyeza simu, ambako wao ndio watufundishao.

Tuliwaonyesha, kwenye kompyuta ya shule, mwanzo wa sinema ya Kijerumani ya mwaka 1931, *M*, ya Fritz Lang. Mama aandaa meza, amngoja binti yake atoke shule. Saa yapita. Aita ngazini. Kisha zaja picha tu: ngazi tupu, sahani tupu, mpira wabingirika majanini na kusimama, puto limenaswa katika nyaya. Hakuna damu hata tone moja. Darasa zima lilinyamaza, na vijana waliokuwa wakidai kopo lao la nyanya litumike hawakulidai tena. Tuliwasomea pia maneno ya Alfred Hitchcock, ambaye utotoni alilelewa katika shule ya Wajesuiti mjini London. Yeye alieleza kwamba bomu likilipuka ghafula chini ya meza, watazamaji washtuka sekunde kumi na tano. Lakini wakijua tangu mwanzo kwamba lipo, hali wale walioketi mezani hawajui, watashikwa na taharuki dakika kumi na tano. Kijana mmoja akauliza, na mezani kwetu ni nini kilichopo? Wakabishana siku mbili, mpaka mmoja akasema: mtu asiyekuwapo.

Kazi ya kupiga picha twaipita upesi. Kindu iko karibu na mstari wa ikweta, digrii tatu hivi kusini yake, kwa hiyo magharibi yetu ni fupi: mwanga wa jioni wanaoutaka wapiga picha haudumu hata nusu saa. Kila jioni tulipata picha mbili au tatu tu, kisha giza. Gurudumu lilikataa kuzunguka kwa muda wa kutosha, ikabidi mtoto mmoja alale mchangani nje ya picha na kulisukuma kwa kijiti. Upepo wa mto uliharibu sauti zote. Kengele ikapigwa upya ndani ya chumba, chini ya blanketi. Katika kukata na kuunga, dakika nne zilipunguzwa kuwa mbili, na picha nzuri kuliko zote, ile ya uso wa mtu wa mtumbwi, iliyochukua jioni nzima, wanafunzi wenyewe waliitoa. Aliyekuwa akiigiza mtu huyo hakufurahi hata kidogo.

Sasa tufike katika jambo ambalo kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu. Nyumba iliyotumika ni ya mama mmoja mjane wa Mikelenge. Kabla ya kuiazima tulikwenda kumweleza hadithi yote, kwani tulijua kwamba mwanawe wa pili alikwenda machimbo ya dhahabu upande wa Punia, na sasa ni mwaka wa nne hajaleta habari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Njooni."

Jioni ya kupiga picha ya sahani, msichana alikwisha kuketi mezani, simu iko tayari juu ya kiti, mama akasogea akafunua kile kifuniko. Ndani hamkuwa na kitu. "Wanangu," akasema, "sahani tupu haifunikwi. Anayefunika sahani tupu anamngoja nani?"

Kijana mwenye simu akamjibu kwa adabu kwamba ndani ya sahani hamtaonekana.

"Haitaonekana kwenu. Lakini mikono ya mtoto huyu itajua."

Akaenda jikoni. Mwanga ulikuwa ukikimbia, na vijana walitutazama ili tumharakishe, lakini hatukusema neno. Akarudi na wali wa moto, sombe, na kipande cha samaki. Msichana aliponyanyua kifuniko mkono wake ulikwenda polepole, kwa sababu ya uzito na moto. Kidole kimoja akakiondoa upesi, akakirudisha. Mvuke kidogo ulipita ukingoni. Hiyo ndiyo picha iliyomo katika sinema, wala hawakuipiga mara ya pili.

Jumamosi moja tulitundika shuka nyeupe katika uwanja wa shule, tukawasha jenereta, tukawaonyesha watu. Walikuwa wengi kuliko viti. Kengele ilipolia mara ya pili, mtoto mdogo akauliza kwa sauti, "Ni nani?" na hakuna aliyemjibu. Kisha, taa zilipowashwa, yakaanza mabishano ambayo yalidumu kuliko sinema yenyewe mara ishirini. Wengine walisema mtu wa mtumbwi ndiye mwuaji. Wengine, kwamba ndiye mwenye baiskeli na anakimbia deni. Mzee mmoja, ambaye hajapata kukaa darasani, alituonyesha kwa vidole: gurudumu lingali linazunguka, basi aliyeiangusha baiskeli hajafika mbali, tena bidoni halikuwapo kule mtoni, basi limefungwa baadaye, na aliyelifunga aijua nyumba hii. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba picha imeruka. Twatamani wale waungwana wa 1952 wangalikuwapo uwanjani siku ile.

Mama wa Mikelenge aliketi mpaka wengi walipoondoka. Halafu akawauliza wanafunzi, si sisi: "Huyo mwenye baiskeli, atarudi?"

Msichana akasema, "Mama, bado hatujaandika."

"Basi andikeni."

Wazazi waliotuuliza waweza kuona kwamba mtoto hujifunza hapo mengi: Kifaransa katika kuandika, fizikia katika mwanga na sauti, heshima katika kuazima nyumba ya mtu. Hayo ni kweli. Lakini swali la yule mama halimo katika programu yoyote ya masomo, na tangu siku ile wanafunzi wetu hawakulala nalo vizuri. Walidhani fumbo ni mchezo, nalo ni mchezo, ila katika mji huu wapo wanaolala nalo kila usiku bila ya kulitunga. Wamegawanyika. Kundi moja lataka mtu yule apatikane, hata akiwa na jeraha, maana, wasema, nani atathubutu kumwonyesha mama yule kinyume chake? Kundi la pili, likiongozwa na yule msichana mnyamavu, lasema kwamba kumrudisha kwa sababu ya huruma ni kumdanganya mtu mzima, naye atajua. Afadhali hadithi iseme ukweli wote kuhusu kungoja, na mlango ubaki wazi. Sisi twaelekea upande wa pili, lakini tumewaambia kwamba kura yetu ni moja tu kama kura ya kila mmoja wao.

Muhula ujao wataendelea, jamaa zao zikiridhia. Tulipompelekea mama habari hizo hakutuuliza tena mwisho utakuwaje. Ametuomba jambo moja tu: tumwambie mapema siku ya kupiga picha, apate kupika.