Ile Kamba Kavu Nyuma ya Tangi

Kosa la kwanza nililifanya na panga.

Ilikuwa Machi, kabla ya mvua, na Cucu alikuwa amenituma nisafishe ua nyuma ya tangi la maji. Ua wetu ni wa kayaba, ule wa miiba mirefu ambao kila boma la zamani Limuru liko nao. Juu ya kayaba kulikuwa kumelala kila kitu: mashina ya karakara yaliyokufa, waya wa nguo uliokatika, karatasi za nailoni, na kamba fulani za kahawia zilizokauka, maganda yakichunika kama mkonge. Nikapiga panga. Kamba zikakatika kwa mlio mdogo, pap, kama kijiti cha kuwashia jiko.

Nilikuwa nimekata karibu nusu nilipoona katikati ya kijiti kimoja kuna kijani. Duara jembamba sana, kama uzi. Nikasimama. Cucu naye akatokea kona ya jikoni na fimbo yake, akaangalia chini, akaangalia juu, akaniangalia.

"Mume wangu," akasema, "umekata maua yangu."

Mimi ni kifungua mimba wa kifungua mimba wake, kwa hivyo nina jina la guka, na kwa Wakikuyu hiyo inatosha kunifanya mume wa nyanyangu. Akifurahi mimi ni mume wake. Akikasirika mimi bado ni mume wake, lakini sauti inabadilika. Siku hiyo ilibadilika.

"Maua gani, Cucu? Hii imekauka."

"Na mimi nimekauka. Utanikata?"

Sikuwa na jibu. Akarudi jikoni.

Wacha nieleze nilifikaje hapo. Nilikuwa nimerudi Limuru Januari na begi moja, laptopu na deni la rent ya miezi miwili Roysambu. Cucu alijua niko kwa likizo ndefu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Hakukuwa na drama. Semista moja karo ilichelewa, nikakosa mitihani, semista iliyofuata karo ikaja lakini aibu ilikuwa imefika kabla yake. Nikaila ile karo pole pole, rent, unga, bando, nikijiambia nitairudisha. Baba alituma pesa ya semista nyingine. Nayo nikaila.

Kazi yangu ilikuwa kuandika makala za mtandaoni, zile ambazo mtu wa ng'ambo anaweka jina lake juu na wewe unapata shilingi mia chache. Niliandika kuhusu bima ya mbwa. Niliandika kuhusu theluji kwenye paa, mimi ambaye theluji nimeiona kwa filamu tu. Na kwa miezi kama minne niliandika kuhusu bustani za Uingereza: lini upunguze waridi, udongo gani unafaa nini, mimea gani ya kutambaa inapendeza ukutani.

Basi mvua ikaja Aprili. Wiki ya pili nilienda nyuma ya tangi kutafuta ndoo, nikaona chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini, vichipukizi vitatu. Vyekundu kidogo, vinene kama penseli, vikipanda mbio. Baada ya siku chache kimoja kilikuwa kimeshika waya wa nguo. Nikainama kuangalia kimeshika na nini. Karakara ina vikono, zile springi ndogo zinazotoka ubavuni. Huu mmea haukuwa na vikono. Kilichojizungusha kwenye waya kilikuwa kikonyo cha jani lenyewe, ile sehemu inayounganisha jani na shina. Jani lilikuwa limeshika waya kwa shingo.

Na mimi nilikuwa naijua hiyo sentensi. Niliwahi kuiandika. Nikaingia ndani, nikafungua laptopu, nikatafuta kwenye mafaili ya zamani. Ilikuwepo. Maneno 1,500 kuhusu namna ya kutunza klematisi, yaliyolipwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku. Katikati, kwa Kiingereza changu kisafi, nilikuwa nimeandika kwamba klematisi hupanda kwa kujizungusha na vikonyo vya majani. Chini kidogo nilikuwa nimemuonya msomaji kwamba mashina makavu ya klematisi hudanganya, huonekana yamekufa kumbe yako hai, kwa hivyo akwaruze gome kwa ukucha kabla ya kukata.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka. Nilikuwa nimewafundisha Waingereza kitu kilichokuwa nyuma ya tangi letu miaka yote, halafu nikakikata.

Nikaanza kusoma upya, safari hii kwa sababu nilitaka kujua. Klematisi hugawanywa mafungu matatu kulingana na wakati wa kupunguzwa. Fungu la kwanza huchanua kwenye mashina ya mwaka uliopita, hayo ukiyakata umekata maua. Fungu la pili huchanua mara mbili na hupunguzwa kidogo tu. Fungu la tatu huchanua kwenye mashina mapya, na hayo mtu huyakata karibu na ardhi kila mwaka bila kosa. Vitabu vinasema ukate mwishoni mwa baridi, Februari. Limuru Februari ni jua na vumbi, baridi yetu ni Julai. Sikuwa na la kufanya ila kusubiri nione panga langu lilikata fungu gani.

Wakati nikisubiri, nikagundua kumbe ni mimea miwili. Mmoja ulikuwa ule niliokata. Mwingine ulikuwa umepanda mbali zaidi, hadi kwenye mgrevilea wa jirani. Huo sikuwa nimeugusa. Ulikuwa na maua madogo meupe mengi, na mahali pengine maua yalikuwa yameisha na kubaki mbegu zenye mikia ya manyoya, kama vifaranga waliolowa wakakauka. Majani ya yote miwili yalitoka mawili mawili, yakitazamana. Nikatoa matawi ya kayaba yaliyokuwa yameukaba ule wa chini, nikaweka mawe na majani makavu kwenye shina, maana huu mmea unataka mizizi kwenye baridi na kichwa kwenye jua. Mikono ikaniwasha siku mbili. Utomvu wake ni mkali, hilo nalo niliwahi kuliandika.

Mwisho wa Julai, asubuhi ya ukungu ule wa Limuru ambapo huoni geti, ule niliokata ulichanua. Ua moja, kubwa kama kiganja, zambarau iliyokolea, nne zinazofanana na petali. Kwa klematisi hizo si petali, ni sepali, vile vifuniko vya chipukizi ambavyo kwa maua mengine hubaki kijani na kusahaulika. Nilimwita Cucu. Akaja na shuka begani, akaligusa kwa kidole kimoja.

"Sijaliona tangu guka wako afe," akasema. Guka alikufa kabla nizaliwe.

Wiki hiyo nilikata tawi la kila mmea, lenye jani na ua, na ule mweupe na mbegu zake, nikalaza katikati ya magazeti ya zamani, nikaweka godoro juu. Kisha nikapanda matatu hadi mjini, nikaenda kwenye hebaria ya Makumbusho ya Taifa, ambako mimea mikavu ya Afrika Mashariki imehifadhiwa kwenye makabati, karatasi kwa karatasi. Kwa kitabu cha wageni kulikuwa na sehemu ya taasisi unayotoka. Nikaandika jina la chuo changu. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Mama aliyenihudumia alifungua gazeti na kutabasamu akiona ule mweupe. "Huyu ni wetu," akasema. Clematis simensis, mmea wa milima ya Afrika, unapatikana pembezoni mwa misitu ya sehemu za juu. Jina lake limetoka kwa milima ya Simien kule Ethiopia. Huo hakuna aliyeupanda, ulijileta wenyewe na upepo. Ule wa zambarau aliushika muda mrefu. Wa bustani, akasema, chotara. Unafanana sana na Jackmanii, ambayo ilitoka kwenye kitalu cha familia ya Jackman kule Woking, Uingereza, miaka ya 1860, lakini chotara wana watoto na watoto wana watoto. Bila kujua ulitoka wapi, hangeapa. "Muulize aliyeupanda," akaniambia.

Nilifika nyumbani jioni. Cucu alikuwa na jirani, wakichambua managu. "Huyu ndiye mume wangu niliyekuambia," akamwambia, "anasomea mimea chuoni." Sikuwahi kusema hivyo. Alikuwa ameyaunganisha mwenyewe, magazeti chini ya godoro na safari ya Makumbusho, akapata mjukuu mwanasayansi. Jirani akaniangalia kwa heshima. Sikumbuki nilijibu nini.

Jirani alipoondoka nikamwambia yote. Chuo, karo, miaka miwili. Nilisema haraka, nikiangalia managu. Cucu akamaliza kuchambua, akaosha, akapika, akanipakulia. Hakunisemesha siku tatu. Hajawahi kunipiga maishani lakini ningependelea kofi.

Siku ya nne alinikuta nyuma ya tangi. Akakaa juu ya jiwe.

"Unataka kujua limetoka wapi," akasema.

Alikuwa msichana, akifua na kupiga pasi kwa nyumba ya Mzungu wa chai huko Tigoni. Chai Kenya ilipandwa kwanza hapa hapa Limuru, 1903, na hao watu walikuja na bustani zao. Mmea huo ulikuwa kwenye nguzo za veranda. Miaka yote sisi tuliambiwa memsahibu alimpa kijiti kama zawadi ya harusi.

"Hakunipa. Nililaza shina lake chini ya udongo nyuma ya chumba cha kufulia, nikaweka jiwe. Likatoa mizizi. Siku ya kuondoka nikalifunga ndani ya leso na nguo zangu. Niliiba."

Nikacheka kwa sababu nilidhani ananisamehe. Akainua fimbo.

"Usifananishe. Mimi niliiba kijiti cha mtu aliyekuwa na bustani nzima. Wewe umeiba karo ya babako. Jumapili anakuja. Utamwambia mwenyewe."

Nikamwambia. Hiyo ni hadithi nyingine, na haijaisha. Kila mwezi natuma kitu, kidogo.

Na ua? Anko alikuwa na mpango wa kujenga vyumba vya kukodisha mahali hapo, mawe hadi mpakani. Pesa zilimchelewesha, la sivyo angeanza Agosti. Nikafanya kama Cucu alivyofanya: nikalaza mashina matatu kwenye makopo ya rangi yaliyojaa udongo, kila moja na jiwe lake juu, bila kuyakata kwa mama yao. Februari lori la mawe likaja. Makopo mawili yalikuwa yameoza. Moja lilikuwa na mizizi. Shina la zamani tulilichimba, mimi na Cucu akinielekeza, likafa ndani ya wiki mbili. Mgrevilea wa jirani nao ulikatwa, lakini ule mweupe niliuona juzi kando ya barabara ya Tigoni umefunika ua mzima. Huo hauhitaji mtu.

Kopo lililobaki liko mlangoni mwa Cucu. Lina mashina mawili, yamekauka sasa, ya kahawia. Jana mtoto wa mpangaji wa chumba namba tatu alikuwa akiyavuta. Cucu akamwita, akamshika mkono, akamwonyesha jinsi ya kukwaruza kwa ukucha.

"Unaona?" akamwambia. "Usikate kitu kabla uangalie."

Alisema kwa sauti, ili nami nisikie.