Sinema ya Wafu Niliyoitazama Mara Mbili

Wazazi wengi huwakataza watoto wao sinema za kutisha, nami siwalaumu. Lakini ipo moja niliyoitazama mara mbili, kwanza nikiwa mwanafunzi, tena nikiwa na mvi kichwani. Mara ya kwanza ilininyima usingizi juma zima. Mara ya pili ilinipeleka mlangoni kwa jirani yangu hapa Salamabila.

Jina lake ni Night of the Living Dead, maana yake Usiku wa Wafu Walio Hai. Aliyeiongoza ni Mmarekani George Romero, nayo ilionyeshwa kwanza mwaka 1968. Haina rangi, na gharama yake ilikuwa kama dola 114,000 tu, fedha kidogo kwa kazi ya namna hiyo. Walioisambaza walibadili jina lake, wakasahau kuandika tangazo la haki ya wenyewe. Basi kwa sheria ya Marekani ya siku zile ikawa mali ya watu wote. Kila mtu aliweza kuinakili bila kulipa, na nakala zikaenea duniani, hata moja ikatufikia Kasongo.

Mwaka 1994 nilikuwa nasoma Kasongo, nikikaa kwa mjomba wangu. Palikuwa na chumba kimoja cha video chenye mabenchi, na jenereta ikinguruma nje. Kijana mmoja alisimama kando ya televisheni kutufasiria maneno, na yale asiyoyafahamu aliyatunga mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Kaka na dada wanakwenda kuweka shada juu ya kaburi la baba yao. Msichana anapopiga magoti kusali, kaka yake anamfanyia mzaha. Kumbe wafu wameinuka, nao wanawala walio hai! Kaka anauawa palepale; msichana anakimbilia nyumba iliyo peke yake shambani. Hapo anafika Mwafrika wa Marekani aitwaye Ben, anayepigilia mbao milangoni na madirishani. Chini ya nyumba, katika chumba cha ghala, amejificha Harry pamoja na mke wake, mtoto wao mgonjwa, na vijana wawili wachumba. Harry ataka wote wajifungie chini, Ben akataa. Nje wafu wanazidi kukusanyika.

Usiku ule tulirudi nyumbani tumeshikana mashati, hatukuthubutu kutazama upande wa makaburi. Mimi niliwaogopa wafu tu. Harry sikumkumbuka hata kidogo.

Mwaka jana binti yangu akaja na sinema ileile katika simu yake. Tukaketi kuitazama. Nilicheka mwanzoni, maana wale wafu walionitisha zamani niliwaona ni watu waliopakwa unga usoni tu. Halafu pakafika mahali ambapo Ben na wale wachumba wanatoka kutafuta petroli. Gari linashika moto, wachumba wanateketea. Ben anarudi mbio, anagonga mlango, anaita. Harry yuko ndani, anasikia, wala hafungui.

Nikamwambia binti yangu, “Mwanangu, simamisha kidogo.” Koo lilikuwa limenikauka.

Maana mwaka 2018, mapigano kati ya jeshi na watu wenye silaha yalipotukuta hapa Salamabila, usiku mmoja mlango wangu uligongwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani, tumelala chini sakafuni. Nikasikia sauti ya mwanamke ikiniita kwa jina. Niliijua sauti ile. Ilikuwa ya jirani yangu, mjane. Nikawaza: je, kama wamemtanguliza yeye ili tufungue? Nikazima taa. Akagonga tena, kisha kimya. Alilala na mtoto wake katika shamba la mihogo, mvua ikiwanyeshea hadi asubuhi. Mungu aliwalinda. Toka siku ile tulisalimiana kila asubuhi, wala neno hilo halikutajwa kati yetu.

Tukaendelea na sinema. Ben anavunja mlango, anaingia, anampiga Harry. Mwishoni wote wanakufa isipokuwa Ben. Asubuhi wanakuja watu wenye bunduki, wanaowawinda wafu. Wanaona mtu dirishani, hawamwulizi neno, wanampiga risasi ya kichwa.

Binti yangu akauliza, “Baba, kwa nini wamemwua, naye ni mtu mzima kabisa?”

Nikajibu, “Waliogopa, mwanangu. Mwenye hofu hawezi kumpambanua mtu na mzimu.”

Lakini nilijua kwamba jibu hilo lilinihusu mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani yangu, nikamkuta anamenya mihogo. Nikasema, “Mama, usiku ule nilikuwa macho. Nilikusikia.”

Akaendelea kumenya, kisha akasema, “Najua, baba. Niliona mwanga katika ufa wa mlango, kisha nikaona unazimwa.”

“Mbona miaka yote hii hukuniambia?”

“Ningekuambia nini? Hata mimi, kama ningekuwa ndani na mtoto wangu, sijui kama ningefungua.”

Akanisogezea kigoda, nikaketi. Hatukusema mengi tena.

Wazee walisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi usiku ule sikumfaa jirani yangu, naye amenipa kigoda. Ndugu wasomaji, siwezi kuwaambieni kwamba kila mlango ufunguliwe usiku wa bunduki. Nami nilikuwa na roho kumi na moja za kulinda. Lakini asubuhi ikifika, tusingoje miaka kwenda kwa yule tuliyemwacha nje. Mimi nilingoja mpaka sinema ya zamani ilipokuja kunikumbusha.