Kliniki ya Meno Ikiuzwa, Huuzwa Nini?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yupo kijana aliyesomea udaktari wa meno, amechoka kuajiriwa, na sasa amepata habari kwamba daktari fulani mkongwe ataka kupumzika na auza kliniki yake. Hapo ndipo wazee huitwa, bangili za mama hutolewa sandukuni, na watu wa nyumba hukaa wakaulizana kama bei iliyotajwa ni ya haki. Mimi niliitwa katika kikao cha namna hii, hapa Mombasa, na binti wa ndugu yangu. Kwa kuwa umri wangu nimeupitisha katika biashara, wala sijui la meno ila kuumwa nayo, nilikwenda na swali moja tu: hiki kiuzwacho ni kitu gani?

Swali hili laonekana jepesi, lakini silo. Anunuaye duka la vitambaa hununua vitambaa. Avipima kwa yadi na kuvihesabu. Katika kliniki tuliona kiti, kompresa ya upepo, mashine ya eksirei, mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu, na makabati. Tulivipigia hesabu vyote kwa bei ya vitu vilivyokwisha tumika, navyo havikufika nusu ya kile alichokitaka mwenyewe. Tukamwuliza hiyo nusu nyingine ni ya nini. Akajibu, "Hilo ni jina langu."

Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu, na neno lake tunalo tangu zamani: kilemba. Wala wanavyuoni hawakulinyamazia. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, liliamua kwamba jina la biashara na alama zake ni haki yenye thamani ya mali, na kwamba yafaa kuuzwa madamu hamna ndani yake gharar, yaani kubahatisha, wala udanganyifu. Basi mlango u wazi, lakini una kizingiti.

Na kizingiti chenyewe, kwa daktari, ni kirefu kuliko cha mwenye duka. Mgonjwa hafuati ubao ulioandikwa mlangoni. Hufuata mkono. Hulala chali, akafumbua kinywa, akamwachia mtu sindano na koleo. Imani ya namna hiyo haihamishwi kwa hati ya wakili. Anunuacho mnunuzi, kwa kweli, ni kwamba wagonjwa wale watamjia mara moja kumtazama. Mara ya pili ni juu yake mwenyewe.

Basi tukataka tujue wagonjwa wenyewe ni wangapi. Mzee alitufungulia makabati matatu yaliyojaa mafaili, na kwa macho tu ungedhani mji mzima umepita pale. Lakini faili si mgonjwa. Wengine wamehamia Nairobi, wengine wako Muscat na watoto wao, wengine wametangulia mbele ya haki. Cha kuhesabu ni wale waliofika katika miaka miwili ya mwisho. Hapa binti alinizuia mkono. "Ami, usifungue. Humo mna siri za watu." Alisema kweli kwa sharia zote mbili, kwani maradhi ya mtu ni amana, na Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nayo huzihesabu habari za afya kuwa ni za kuchungwa zaidi. Basi muuguzi wa pale akatuhesabia tarehe tu, majina yamefunikwa. Muuguzi huyu ni mama wa makamo awajuaye wagonjwa wote, na watoto wao, na nani aogopaye sindano. Yeye hauzwi, bila shaka, lakini mimi naona akiondoka yeye nusu ya kilemba imeondoka naye. Mnunuzi na azungumze naye mapema, tena kwa heshima.

Sasa nataka unisikilize kwa makini, msomaji, kwa maana hili ndilo wengi hulipita. Katika daftari la fedha la mwaka ule mapato yalikuwa manono. Binti akayatazama, kisha akauliza ni wangapi waliotiwa waya za kunyosha meno. Jino husogea taratibu mno, kiasi cha milimita moja kwa mwezi, na kazi ya waya huchukua mwaka na nusu, miaka miwili, pengine na zaidi. Wazazi wengi walikuwa wamekwisha lipa fedha zote mwanzoni. Fedha zile zimo daftarini kama mapato, nazo zimekwisha tumika, ilhali kazi bado imo vinywani mwa watoto. Ni nani atakayeimaliza? Mnunuzi. Atalipwa nini? Hana cha kulipwa. Yaani kile kilichoipandisha bei ya kliniki ndicho hasa deni lake.

Tulikaa siku mbili tukaandika orodha: wenye waya, walioweka fedha za meno ya bandia ambayo hayajaletwa, na wale ambao mizizi ya meno yao imesafishwa nusu ikazibwa kwa muda. Kila mmoja alichokilipa, alichofanyiwa, na kilichobaki. Tulipompelekea mzee nilidhani atakasirika. Alinyamaza kitambo, akasema kwamba miaka yote ya kazi yake hakupata kuliona jambo hili kuwa ni deni. Kisha akavaa miwani, akachukua kalamu, akaongeza majina matatu ambayo sisi hatukuyapata. Thamani ya kazi yote iliyobaki ikatolewa katika bei.

Ya vyombo sitayarefusha. Kila mmoja wetu ayajua yale ya Mtume (S.A.W.) kutia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu, akamkanya mwenye mali kwa kuuficha chini. Na wewe tia mkono. Mtungi wa mvuke sharti ufike nyuzi 121 kwa dakika 15, au 134 kwa dakika 3. Mwite fundi auwashe mbele yenu, kwani mtungi usiofika hapo huchukua maradhi ya mgonjwa huyu ukampa yule. Eksirei ina leseni yake, ambayo katika Kenya hutoka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia chini ya sheria ya mwaka 2019. Kibali cha kliniki kiko kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, nacho si sehemu ya samani. Na nyumba yenyewe? Nyingi katika Mji wa Kale ni za wakfu, na muuzaji ni mpangaji tu. Mwone msimamizi wa nyumba kabla hujatoa hata shilingi.

Palikuwa na madeni ya bima ambayo mzee alitaka kutuuzia kwa bei pungufu. Tulikataa, kwani kuuza deni kwa fedha taslimu zilizo chache kuliko deni lenyewe wanavyuoni wengi wamekukataza. Deni likabaki lake. Binti humpokelea kama wakili na kumfikishia.

Kiti na mashine zilinunuliwa kupitia mojawapo ya benki zisizo na riba, ambazo Kenya imekuwa nazo tangu mwaka 2008: benki ikanunua, ikatuuzia kwa faida inayojulikana. Juu ya kilemba palizuka mjadala. Mmoja wetu alitaka bei yake ipande na kushuka kwa hesabu ya wagonjwa watakaorudi. Jambo hilo lavutia, lakini bei isiyojulikana siku ya kuuziana ndiyo gharar yenyewe. Tukapatana kiasi maalumu, kilipwe kwa muda, na mzee asifungue kliniki nyingine jirani. Yote yakaandikwa na kushuhudiwa, kama ilivyoamrishwa katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Qur'ani, ambayo ni ya madeni. Kwa hivyo bangili tatu kati ya sita zilirudi sandukuni.

(Na laiti tungeushika mswaki kama tulivyofundishwa, bei za kliniki zote zingeshuka.)

Sharti moja binti alilitia yeye mwenyewe: mzee akae pale miezi sita. Hakushika koleo. Alikaa karibu na mlango, na kila aliyeingia alimwambia, "Huyu ni binti yangu, mkono wake mwepesi kuliko wangu." Wengine walicheka wakaingia. Wengine walisema watarudi kesho, wasirudi.

Ile orodha ya waya imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na kila anayemalizwa hupigwa mstari. Mpaka niandikapo haya amebaki mtoto mmoja, na miadi yake ni Jumatano.